Kila magharibi mume wangu anafunga mzigo, anataka kwao

BARUA

Asalaam aleikum, Mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 62, naishi Tanga. Mume wangu ana miaka 74, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Tuna miaka 38 ya ndoa. Miaka miwili iliyopita alipigwa picha ya kichwa, akaulizwa maswali mengi, daktari akasema ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kwamba presha ya muda mrefu imechangia. Tukapewa dawa ya kumbukumbu. Nilimpa miezi miwili, sikuona tofauti, bei nayo ikanishinda, nikaacha.

Mchana tunaishi. Anakunywa uji, anakaa barazani, anasalimia wapita njia. Shida inaanza jua likiinama. Ananyanyuka, anachukua begi, anatia kanzu, kandambili moja na redio isiyo na betri, kisha ananiaga: “Nashukuru kwa ukarimu wenu, nakwenda nyumbani.” Nikimwambia hapa ndipo nyumbani, nyumba hii umeijenga mwenyewe, anawaka. Siku nyingine namwambia tutakwenda kesho asubuhi. Anatulia, nami nabaki na dhambi ya uongo. Saa saba usiku anaamka, anatawadha, anataka kwenda msikitini kusali alfajiri. Mwezi uliopita alitoka bila mimi kusikia. Vijana wa bodaboda walimkuta barabara kuu, mguu mmoja peku.

Tangu hapo nafunga mlango kwa kufuli, ufunguo naufunga kwenye pindo la kanga yangu. Jirani akanipa vidonge vya Valium alivyoandikiwa mama yake. Nasaga kimoja kwenye chai ya usiku. Hii ni wiki ya tatu. Usingizi anaupata kidogo, lakini asubuhi anayumba, ulimi mzito, ameanguka mara mbili, na anajikojolea, jambo ambalo halikuwepo. Mkojo una harufu kali. Mchana anasinzia, na usiku dawa ikiisha anachachamaa kuliko zamani.

Ana dawa mbili za presha, moja ni ile ya kupunguza maji. Nampa zote saa mbili usiku baada ya kula, ndipo ninapopata nafasi. Akiwashwa mwili nampa Piriton.

Sasa mawifi zangu. Yeye huwaambia namwibia pensheni. Pochi anaificha mwenyewe. Juzi nimeikuta ndani ya debe la mchele. Habari za kufuli nazo zimewafikia. Wanasema nimemfunga kaka yao kama mbuzi, na kwamba haya si ya hospitali, kuna mkono wa mtu. Wanataka kumchukua Pangani kwenye nyumba ya marehemu mama yao, kuna mtaalamu huko. Binti yangu wa Dar es Salaam naye anasema nimpeleke kwake. Anakaa ghorofa ya tatu, mchana yupo kazini.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Usiku wa Jumapili aliponing’ang’ania ufunguo, nilimvuta mkono kwa nguvu. Asubuhi nikaona alama. Yeye hakumbuki. Mimi nakumbuka.

Jana tukiwa kwenye chai alinitazama, akaniuliza kwa adabu kabisa: “Mama, mume wako yuko wapi saa hizi? Isije akawa anakutafuta.” Nilikwenda jikoni nikalia.

Niwaachie ndugu zake? Nimpeleke Dar? Au niendelee na kufuli na vidonge?

Mke wa Mwalimu, Tanga

JIBU

Waaleikum salaam, Mama.

Umeuliza Mwalimu akae wapi na akae na nani. Nimesoma barua yako mara mbili, na naona kuna swali jingine limejificha nyuma ya hilo: usiku huu mmoja utapitaje? Niruhusu nianze na usiku. Kama usiku ungekuwa wa kuvumilika, huenda Pangani na Dar zisingekuwa na uzito zilio nao leo kichwani mwako.

Lakini kabla ya usiku, hospitali. Umeandika “jambo ambalo halikuwepo”. Ugonjwa huu, hata wa aina inayotokana na presha ambao hushuka kwa ngazi, hauna kawaida ya kuleta kuyumba, ulimi mzito, kuanguka, kujikojolea na kusinzia mchana, vyote ndani ya wiki tatu. Mtu akishuka ghafla hivyo, kuna kitu kimeongezeka juu ya ugonjwa wake, na mara nyingi kitu hicho kinatibika. Mpeleke kesho, usingoje tarehe ya kliniki. Na ukiona mdomo umekwenda upande au mkono mmoja umelegea, usingoje hata hiyo kesho.

Omba apimwe mkojo. Mzee anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo bila homa wala maumivu. Kinachoonekana ni kuchanganyikiwa tu. Apimwe malaria, sukari, na chumvi za damu, maana dawa ya kupunguza maji huweza kuzishusha. Presha ipimwe akiwa amelala, kisha tena baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu. Ikishuka sana anaposimama, umepata sababu moja ya kuanguka. Mwambie daktari ni siku ngapi hajapata choo. Mwambie pia alianguka mara mbili, na kama aligonga kichwa useme: kwa wazee damu huweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na dalili zikajitokeza wiki kadhaa baadaye. Kama miaka miwili iliyopita hakupimwa tezi ya shingo na vitamini B12, uliza, kwa sababu upungufu wa hivyo huzidisha usahaulifu na dawa zake zipo. Anzia dirisha la wazee.

Dawa zote zitie kwenye mfuko mmoja uende nazo, na vya jirani vikiwemo. Usione haya kuvitoa.

Vidonge hivyo, Mama, mwili wa mzee huvitoa polepole mno. Cha jana hakijaisha, cha leo kinaingia juu yake. Ndiyo maana wiki ya kwanza uliona afadhali na wiki ya tatu unaona mtu anayeyumba. Hata hivyo usivikate ghafla kwa uamuzi wako, kwani baada ya wiki tatu za kila siku kuacha kwa mara moja kunaweza kuleta mitetemeko, hata degedege. Daktari atakupangia namna ya kupunguza. Hadi umwone, usiongeze hata nusu. Na tuseme ukweli, chai yenyewe ina kitu cha kuamsha: umekuwa ukimpa cha kumwamsha na cha kumlaza katika kikombe kimoja.

Sasa hiyo saa mbili usiku. Dawa ya kupunguza maji kazi yake ni kukojoza, na hukojoza kwa saa kadhaa. Ukimpa saa mbili, usiku ndipo kibofu kinapojaa. Anaamka kwa haja ndogo, anafika kwenye maji, mikono inakumbuka kutawadha, na mwanamume aliyetawadha gizani kwa zaidi ya miaka hamsini anajua moja tu: ni alfajiri. Muulize daktari kama dawa hiyo inaweza kuhamia asubuhi. Ni badiliko dogo, halina gharama, nami ningelijaribu kabla ya jingine lolote. Piriton nayo iache. Inalewesha, inakausha mdomo, inafunga choo na mkojo, na kwa mtu mwenye ugonjwa huu inavuruga kumbukumbu iliyobaki. Mwasho wa uzeeni mara nyingi ni ukavu wa ngozi. Mpake mafuta mara tu anapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Dawa ya kumbukumbu uliyoiacha isikutie hatia. Dawa za kundi hilo hazirudishi kilichopotea. Kwa baadhi ya watu hupunguza kasi ya kushuka, nazo hupimwa kwa miezi, kwa hiyo miezi miwili isingekuonyesha mengi. Kwa mtu ambaye presha ndiyo imechangia, kuishika presha kuna uzito zaidi. Muulize daktari kama kuna haja ya kuirudia.

Turudi kwenye jua linapoinama. Umechukulia kwamba “nyumbani” ni mahali, ndiyo maana unamthibitishia kwa nyumba aliyoijenga. Inawezekana siyo mahali. Wagonjwa wengi hulitamka neno hilo wakiwa na njaa, wakibanwa na mkojo, wakiumwa au wakiogopa vivuli, kwa sababu nyumbani ndipo mtu alipokuwa hana hivyo vyote. Ukimbishia, unabishana na neno. Shida yenyewe inabaki pale pale.

Basi iwahi saa hiyo. Washa taa saa kumi na mbili kasoro, kabla giza halijaingia. Funga mapazia ili asijione kwenye kioo cha dirisha akadhani kuna mtu nje. Mpeleke chooni, kisha mpe kitu cha kutafuna. Kofia, begi na viatu vilivyo karibu na mlango viondoe machoni. Kofia kwenye msumari inamwambia mtu atoke. Mpe kazi ya mikono: kuchambua mchele, kukunja nguo, au daftari na kalamu nyekundu, mwalimu hakosi cha kusahihisha. Akianza kuaga, usizuie mlango kwa mwili. Muulize, “Nyumbani kuna nani leo?” Mwache aeleze. Tembeeni naye uani mara mbili tatu, mrudi kwa mlango mwingine kama upo. Wengi hapo huona wamefika nyumbani.

Mchana mtoe juani asubuhi kwa nusu saa, akitembea. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na uwe umekwisha saa nane. Chai na kahawa mwisho saa tisa alasiri. Maji usimnyime kwa kuogopa godoro: anywe glasi sita hadi nane ila nyingi ziwe kabla ya magharibi, isipokuwa kama daktari amewahi kumpa kiwango maalumu. Mpeleke chooni saa tatu, mwamshe tena saa sita. Acha taa ndogo njiani, ondoa mikeka inayoteleza, pandisha pindo la kanzu ya kulalia. Akitawadha saa saba, mtandikie msala pale pale chumbani. Akishasali, kuna usiku atarudi kitandani mwenyewe.

Kuhusu uongo, “tutakwenda kesho” inakusumbua na inaonyesha unavyomheshimu. Unaijua hadithi ya kalamu iliyoinuliwa kwa watu watatu: aliyelala hadi aamke, mtoto hadi abalehe, na aliyepotewa na akili hadi imrudie. Hiyo inamhusu yeye. Kuhusu ulimi wako, zungumza na sheikh unayemwamini. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mara nyingi si lazima uchague kati ya kumdanganya na kumpinga. “Giza limeingia, kaa kwanza ule” ni kweli tupu.

Kufuli. Umelielezea kama kosa, mawifi wamelielezea kama ukatili, lakini lilikuja baada ya mtu kuokotwa barabara kuu. Ninachokiogopa mimi ni moto, au wewe kuishiwa nguvu usiku ufunguo ukiwa kwenye pindo lako. Watu wengine huweka komeo badala ya kufuli, chini karibu na sakafu au juu kuliko kimo cha macho, kwa sababu mgonjwa hutafuta pale alipozoea kushika. Hufunguka haraka kwa anayelijua. Wengine huning’iniza njuga au kopo lenye vijiwe mlangoni, au pazia la rangi ya ukuta. Hakuna linalozuia kila kitu. Kwa hiyo shona namba ya simu kwenye pindo la kila kanzu, piga picha yake mpya kila mwezi, na waone kijiwe cha bodaboda, imamu, balozi na mwenyekiti wa mtaa. Wajue kabla. Akipotea, pekua nyumba na uani kwa dakika chache, kisha mitaro, visima na njia ya shule aliyofundisha. Polisi waambiwe hapo hapo, usisubiri kesho.

Nije kwa mawifi, na hapa nitakuomba uvumilivu. Wanamwona mchana, akiwa barazani, kwa saa moja. Mgonjwa wa namna hii hujikusanya mbele ya mgeni: anasalimia, anatania, anauliza hali ya watoto. Mgeni akiondoka, nguvu zimekwisha. Kwa hiyo wanachokisimulia wamekiona kweli, nawe unachokisimulia unakiona kweli. Mwalike wifi mmoja alale kwako usiku tatu mfululizo, katika chumba kile kile, bila kubishana naye kabla. Mmoja tu.

Pochi ina maelezo yake. Anaificha isiibiwe, kumbukumbu ya kuificha inafutika, pochi haipo, na akili haikubali pengo: inaliziba kwa mtu aliye karibu. Aliye karibu ni wewe. Ukijitetea unathibitisha. Sema, “Kweli inaudhi, hebu tuitafute,” nanyi mwende pamoja. Mwekee pochi ya pili yenye noti ndogo ndogo. Kwa pensheni, nunua daftari: tarehe, kiasi kilichotoka, kilichonunuliwa, risiti zimegundishwa, na kila mwisho wa mwezi shemeji au wifi atie saini. Litakukinga wewe kuliko litakavyomkinga yeye. Na mtu yeyote, wa upande wako au wao, asimshikishe wino atie dole kwenye karatasi ya nyumba au benki. Hati ya uwakili inahitaji mtu anayeelewa anachotoa; asipoelewa tena, njia ni kuiomba mahakama iteue msimamizi.

Kuhusu “mkono wa mtu”, utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa 2013 uliwakuta na ugonjwa huu takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Katika msikiti wenye wazee hamsini wa rika lake, watatu. Labda hoja hiyo itawafikia mawifi, labda haitawafikia. Kisomo na dua sioni vinamdhuru nini. Sauti ya Kurani aliyoizoea tangu chuoni huwatuliza wengi hata maneno mengine yakiwa yamepotea. Ninaloogopa kwa mtaalamu ni matatu: kuachishwa dawa za presha, kunyweshwa mitishamba isiyojulikana juu ya dawa za hospitali, na kufungwa kamba akisumbua.

Pangani, basi. Nyumba ya utotoni huenda ikamfariji, huenda pia akafika akaiaga vile vile, maana anayemtafuta humo ni mama yake. Usiku wa kwanza katika nyumba nyingine huwa mbaya karibu kwa kila mgonjwa, na mji ule una mto na bahari kwa pamoja. Mkilijaribu, lijaribuni kwa wiki moja ukiwepo, dawa zikiwa zimeandikwa kwa saa, na mkikubaliana mapema nini kitawarudisha. Dar ina hospitali kubwa na mtoto wake, ila ina ngazi, roshani, na saa nyingi za mchana na mtu asiyemjua. Kubaki Tanga kuna faida ya mtaa unaomfahamu, lakini kubaki kama ulivyobaki hadi sasa, peke yako, sidhani kama ni chaguo. Kama kuna mpwa wa kiume anayeweza kulala hapo usiku tatu kwa wiki, na binti akachangia ujira wake badala ya nauli za kukuhamisha, picha inabadilika. Nimeyaweka yote mezani. Uzito wake unaujua wewe kuliko mimi.

Lile la Jumapili nimelisoma, sikulipita. Alama kwenye mkono wa mgonjwa si jambo dogo, na hukuliandika kama dogo. Unalala saa ngapi? Hukusema, ila kwa hesabu ya barua yako ni tatu, nne. Ulipolisema ndipo linapoanza kuzuilika. Mwambie na binti yako, kwa maneno hayo hayo. Wakati mwingine mkiwa mnavutana, achia kwanza ulichokishika, hata kama ni ufunguo, rudi nyuma hatua mbili, hesabu pumzi kumi. Komeo likiwa mahali pake, hakutakuwa na ufunguo wa kugombania. Hiyo kesho mkifika hospitali, nawe pimwa presha.

Kwa siku saba zijazo andika usiku wako: saa alipoamka, alikojoa au la, alikula nini jioni, alisema nini. Daktari atapata humo mengi kuliko katika maswali yake.

Na lile swali la mezani. Aliyeuliza ni mtu asiyelijua jina lako wakati huo, lakini akajua kuna mwanamke mbele yake, usiku unaingia, na ana mtu anayepaswa kumwangalia. Huna haja ya kumsahihisha. Unaweza kumwambia, “Mume wangu yupo, hajambo, ameniruhusu nikae hapa nawe.” Kisha mmiminie kikombe chake, maziwa ya moto safari hii.